Mabasi Yaendayo Haraka au Treni: Usafiri Upi Unamfaa Mkazi wa Masumbwe?

Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma jijini Dar es Salaam mwaka 2016 kwa njia ya kilomita 20.9, hufaa penye abiria wengi wa masafa mafupi. Treni hubeba watu wengi zaidi kwa mara moja, lakini ujenzi wa reli hugharimu fedha nyingi.

Masumbwe, wilayani Mbogwe, Mkoa wa Geita, ni mji mdogo. Abiria wake hawatoshi kufidia gharama za miundombinu hiyo. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, yenye kilomita 341, haipiti hapo. Hivyo, ili mkazi wa Masumbwe anufaike nayo, kinachohitajika ni barabara nzuri na mabasi ya kuaminika yatakayomfikisha Isaka, kupitia Kahama, kabla treni haijaondoka.