Kosa, Hitilafu au Tofauti? Istilahi za Kiswahili katika Utatuzi wa Matatizo ya Maumbo ya Tao kwenye Programu za Usanifu Majengo

Mafunzo ya usanifu majengo kwa kompyuta huanza na amri inayoonekana nyepesi: chora duara. Katika programu ya SketchUp amri hiyo haitekelezwi kama inavyotamkwa. Kinachochorwa ni pembenyingi yenye pande 24 zilizonyooka. Tao nalo hugawanywa katika vipande 12, isipokuwa mtumiaji ameagiza idadi nyingine. Makala haya yanafafanua matatizo yanayozaliwa na hali hiyo, na yanadai kwamba sehemu ya ugumu wa kuyatatua ni ya kiistilahi.

Tuchukue kuba lenye kipenyo cha mita 6. Vipeo 24 vya msingi wake hugusa duara la kweli, lakini katikati ya kila upande mstari huingia ndani kwa takriban milimita 26, na eneo lote hupungua kwa zaidi ya asilimia 1. Katika picha ya kumwonyesha mteja upungufu huo hauna madhara. Kwa fundi anayekata mbao za kushikilia zege kwa kufuata vipimo hivyo, ni upungufu mkubwa. Pande zikiongezwa hadi 96, pengo hushuka chini ya milimita 2.

Je, hilo liitwe kosa? Ni rahisi kuliweka chini ya neno moja pana pamoja na kasoro nyingine zote. Kiswahili hakilazimiki kufanya hivyo. Pengo la milimita 26 ni tofauti ya ukadiriaji: programu imefanya ilichoundwa kufanya, na dawa yake ni kuongeza vipande kabla ya umbo kuinuliwa, kwa kuwa baada ya hapo idadi haibadiliki kwa urahisi.

Hitilafu ni jambo jingine. Programu hiyo huzihesabu nukta mbili zilizokaribiana kwa chini ya takriban milimita 0.025 kuwa nukta moja. Nakshi ndogo ya mlango inapopitishwa kwenye tao, maumbo hukatana na kuzaa vipande vidogo mno. Nukta huungana, nyuso hukosa kufungika, na umbo hubaki na matundu. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba amekosea huongeza vipande zaidi, na matundu huongezeka. Angeelezwa kwamba kikomo ni cha programu, angelikuza umbo mara 100 au 1000, akamaliza kazi, kisha akalirudisha kwenye kipimo chake.

Kosa lenyewe ni la mchoraji: kwa mfano, kuunganisha ukuta wenye vipande 12 na paa lenye vipande 24, kisha kushangaa kwamba kingo hazikutani. Pia kulifumua tao mapema, hata likawa mistari mitupu isiyo na nusukipenyo cha kurekebisha.

Programu zinazohifadhi tao kwa mlinganyo, kama Rhino na Revit, hupunguza tatizo la kwanza, lakini hazikosi vikomo. Revit hukataa mstari mfupi kuliko takriban milimita 0.8.

Utenganisho huu una uzito wa pekee katika uhifadhi wa majengo ya kale. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una makuba na matao ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa mkono. Hakuna sababu ya kutarajia duara kamili humo. Anayeunda nakala ya kidijitali ya tao la namna hiyo hana budi kujua kama mpindo usio sawa ni wa mwashi, wa kuta zilizoinama kwa umri, au wa programu. Akiuandika wote kuwa kosa, atausawazisha, na pamoja nao atafuta ushahidi wa mkono wa mwashi.

Neno tao nalo linahitaji uangalifu. Mwalimu wa hisabati hulitumia kwa sehemu ya mzingo wa duara, mjenzi kwa uwazi uliopindwa juu ya mlango. Katika mwongozo wa programu maana zote mbili hukutana, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. Pendekezo la makala haya kwa wanaosanifisha istilahi ni tao libaki la mjenzi peke yake likitajwa na jengo (tao la mlango, tao la kibla), la hisabati liitwe tao la duara, na lile la kompyuta tao la vipande. Istilahi hiyo ya tatu humkumbusha mtumiaji, kila anapoitamka, kwamba anachokiona kimepindwa kimeundwa kwa mistari iliyonyooka.