Samadari ya Bibi Haiuzwi
Samadari ikishababuka rangi, wengi wetu humwita mchuuzi wa vitu vya kale, naye huichukua kwa bei ya kuni. Mjini Lamu nimemwona kijana aliyekataa: bibi yake angali ailalia. Miguu iliyokerezwa aliiosha, akaianika kivulini, akaipiga msasa laini, ndipo akaipaka nyekundu na nyeusi, rangi zake za asili, mikono miwili myembamba. Penye nakshi alipitisha mafuta tu. Hapo nilimpa heko, maana rangi nzito huziba nakshi, na fundi wa kuzifukua ni adimu. Kiti cha enzi cha mpingo nacho, jamani, kisiguswe na burashi! Bibi alipoonyeshwa kitanda chake alisema wekundu umezidi kidogo, kisha akaagiza godoro lirudishwe upesi.