Usilikaushe Bonde Lako

Ndugu msomaji wa Nyakakika, kiangazi kikikaza, mama na watoto huteremka bondeni na ndoo. Je, umepata kujiuliza maji yale yalikaa wapi tangu mvua zilipokwisha?

Yalikaa ndani ya bonde lenyewe. Mafunjo na matete yakifa huzama majini, wala hayaozi upesi, maana hewa haiyafikii. Mwaka hata mwaka hurundikana, yakawa udongo mweusi unaonyonya maji kama pamba. Udongo huo huongezeka kadiri ya milimita 1 tu kwa mwaka. Basi kina cha mita 1 ni kazi ya miaka 1,000.

Mtu akichimba mfereji wa kukausha, maji hutoka na hewa huingia. Mavuno ya kwanza humfurahisha. Lakini udongo ule huanza kuoza na kudidimia, na moto ukiupata huwaka chini kwa chini siku nyingi.

Sikia yaliyowapata jirani zetu. Mto Kagera, unaopita mpakani mwetu, hupokea maji mengi kutoka Rwanda. Huko, kaskazini mwa nchi, liko bonde la Rugezi, karibu hekta 6,700. Maji yake huingia ziwa Burera, na maji ya ziwa hilo huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mifereji wakalima bondeni, na mvua ikateremsha udongo wa milimani. Ukame nao ulipokuja, ziwa lilishuka sana. Mwaka 2004 umeme ulipungua nchi nzima, ikabidi kuendesha mashine za mafuta kwa gharama kubwa.

Ndipo Serikali yao ikakataza kulima na kuchunga bondeni. Milimani yakatengenezwa matuta, ikapandwa miti na majani ya kushika udongo. Baada ya miaka michache ziwa likapanda, na Ntaruka ikapata nguvu tena. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo.

Lakini tusifiche jambo moja. Maskini waliolima bondeni, na waliokata majani huko, waliumia walipozuiwa. Mwenye njaa hawezi kuambiwa "ondoka" tu.

Basi sisi tufanyeje? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini sheria peke yake haizibi mfereji. Wenye mashamba yanayopakana wakubaliane kwanza, maana ukiziba wako na jirani akaacha wake wazi, maji yatapita kwake. Kisha zibeni kwa miti na udongo, mahali pengi, si pamoja tu. Msichome. Mafunjo ya mikeka yakatwe kwa zamu, sehemu baada ya sehemu, yapate kuchipua. Juu mlimani lima kwa matuta yanayokingama mteremko, ukapande mabingobingo ukingoni, ng'ombe watayala. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Tena, baba wa nyumba, katika mkutano wa kijiji uliza hivi: yule mjane mwenye kishamba chake cha bondeni tu, tutampa sehemu gani mlimani? Hilo likipata jibu kwanza, naye atashika jembe pamoja nanyi siku ya kuziba mfereji.