Mpiga Tari wa Ukingo wa Msitu

Wengi wamemjua pugi kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Mtu ashukaye alfajiri kutoka mitaa ya Butembo, mji wa Kongo ya mashariki, kuelekea mabonde yapitayo vijito, ambako kahawa na migomba vimesongamana na vichaka visivyolimwa, atasikia sauti nzito ya upole ikitoka mahali asipopaona: mdundo mmoja, kisha kimya, mdundo wa pili, kisha miwili miwili, mpaka ghafula midundo yote imiminike mmoja juu ya mwingine kama maharagwe yamwagwayo ungoni, ipungue, ififie, na ikome pasipo mtu kuweza kuapa kwamba ilikomea wapi. Akigeuka upande wa kulia atadhani imetoka kushoto. Akivuka kijito kuifuata, itaanza tena nyuma yake. Si uchawi wala si ujanja wa ndege huyo. Sauti nyembamba hugonga majani na vijiti ikavunjika, bali sauti nene hupenya vichakani na kwenda mbali, na ndege aishiye mahali pasipoonekana hatua kumi mbele hana haja ya sauti nyingine.

Katika habari ya majina, watu wa mwambao wametushinda, nami nakiri bila kinyongo. Wao humtenga njiwa na hua, hua na tetere, na yule wa kijani alaye matunda ya mkuyu humwita ninga, na hawa wadogo wa vichakani huwaita pugi. Sisi wa Kivu aghalabu husema njiwa, na tukitaka kumpambanua tunaongeza “ya pori”, basi. Pugi nimsemaye hapa ni yule wa kifua cheupe, ambaye wataalamu humwita Turtur tympanistria, jina alilopewa mwaka 1809 na Temminck, Mholanzi aliyewaandika njiwa wengi wa dunia. Neno hilo la pili asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mwanamke apigaye tari, na Wafaransa nao wamemwita tambourette, yaani kijingoma. Kosa dogo limo humo, maana apigaye tari hiyo aghalabu ni dume.

Umbo lake ni dogo, urefu takriban sentimeta 22, na uzito kama gramu 70, hata ukimshika ni kama umeshika fundo la pamba lenye moyo ndani yake. Mgongo ni wa rangi ya kahawia. Mbawani mna madoa machache ya buluu iliyo karibu na weusi, yang'aayo pindi jua linapoyapata. Dume ana paji jeupe, ushi mweupe juu ya jicho, na kuanzia kidevuni mpaka tumboni weupe safi kama kanzu ya Ijumaa, ambao kwa kiumbe akaaye gizani ungeonekana kuwa ni kujitia hatarini. Jike ameupata weupe huohuo, walakini umetiwa kijivu, kama kanzu iliyofuliwa na nguo nyingine. Wote wawili, wakiruka, hufunua chini ya mbawa rangi ya kutu iliyokoza, na kwa kuwa huruka chinichini na kwa kasi, wakipinda huku na huku baina ya miti, aghalabu rangi hiyo ndiyo pekee ambayo mpita njia huibeba machoni.

Mimi mwenyewe nilimwona sawasawa, kwa mara ya kwanza, nyuma ya choo. Palikuwa na mti wa mbarika uliojiotea katika shamba la mama mmoja, upande wa bondeni, nami nilikuwa nimechutama pale tangu saa kumi na mbili, nguo zimelowa umande, nikimtazama dume akitembea chini ya mbarika kwa hatua fupi za haraka, kichwa kikienda mbele na kurudi, akigeuza kila jani kavu kwa mdomo na kuokota mbegu zilizoruka kutoka katika maganda yaliyopasuka. Akaokota moja, akaizungusha mdomoni, akaiacha. Akaokota nyingine, akaimeza nzima. Nilihesabu saba. Ndipo mwenye shamba akatokea na ndoo yake ya maji.

“Mwalimu, unatafuta nini mu mbarika yangu?”

Nikamwonyesha ndege, lakini ndege alikuwa amekwisha kwenda, kwa mlio wa mbawa kama kitambaa kinachokung'utwa.

“Ule anakula ile sumu, na hakufi,” alisema, akapita zake.

Maneno ya mama yule yalikuwa na elimu nzima ndani yake. Mbegu za mbarika zina sumu kali iwezayo kumwua mtoto akizitafuna chache, na pugi huzila siku baada ya siku. Huzila pamoja na mbegu za majani na magugu, vitunda vidogo vilivyoanguka, na mara mojamoja mchwa na konokono wadogo. Yeye hana meno, naye hameng'enyi chakula mdomoni. Mbegu hushuka kwanza katika gole, mfuko ulio shingoni, zikakaa humo zikilainika, kisha zikaingia katika firigisi, ambayo ni msuli mnene wenye changarawe alizozimeza makusudi, na humo ndimo zisagwamo kama katika jiwe la kusagia. Kwa sababu hiyo asihesabiwe miongoni mwa ndege wapandao msitu. Hondohondo humeza tunda, akaitapika mbegu nzima mbali na mti mama, na msitu ukapata mche. Mbegu iliyoingia katika firigisi ya pugi imekwisha habari yake.

Akinywa maji pia ana desturi isiyo ya kuku wala ya shomoro. Kuku huchota, akainua kichwa ili maji yateremke. Pugi, kama jamaa zake wote wa njiwa, hutia mdomo majini na kuyavuta mfululizo pasipo kuinua kichwa, akamaliza haja yake kwa dakika isiyotimia na kurudi kichakani. Kwa kiumbe ambaye kozi na kipanga humvizia penye uwazi, dakika moja si kitu kidogo.

Kiota chake kinamwaibisha. Ni vijiti na mizizi membamba iliyolazwa juu ya tawi, au juu ya tambaazi zilizosokotana, kwa kimo ambacho mtu mzima aghalabu hukifikia kwa mkono, na ufumaji wake ni hafifu kiasi kwamba asimamaye chini yake huweza kuyaona mayai mawili, yenye weupe wa malai, kupitia sakafuni. Hayo hulaliwa majuma mawili mpaka matatu, na vifaranga huzaliwa vipofu, wenye manyoya haba na midomo minene isiyolingana na nyuso zao. Hapo ndipo njiwa wanapopambanuka na takriban ndege wote wa duniani. Ndege wengi walao mbegu hulazimika kuwatafutia wana wao wadudu, kwani mbegu kavu haimlei mwana mchanga. Njiwa hawana taklifu hiyo. Utando wa ndani wa gole, kwa dume na kwa jike sawia, hufura siku za kuatamia, seli zake zikajaa mafuta na protini, zikabanduka na kuwa uji mzito kama jibini mbichi, na kifaranga hutia mdomo wake katika kinywa cha mzazi akanywa. Huitwa maziwa, na ingawa hayatoki katika titi, jina si la kubezwa. Faida yake ni kubwa: maadamu mbegu zipo, wazazi waweza kulea, wala hawangoji msimu wa wadudu, na huku kwetu ikweta, ambako hakuna mwezi usio na mmea fulani unaopukutisha mbegu, pugi huweza kutaga takriban wakati wowote wa mwaka, na kiota kikibomolewa na mvua, au na watoto wenye manati, hujenga kingine cha ovyo vilevile.

Yote haya, yaani chakula cha magugu, kiota cha haraka na maziwa yasiyongoja msimu, yamemfanya kuwa ndege wa ukingo. Msitu anautaka, lakini si kiini chake. Anapenda pale msitu ulipochanika, penye mto, penye njia, penye mti mkubwa ulioanguka, penye shamba la kahawa lililozungukwa na vichaka. Ndiyo maana makao yake ni mapana, tangu Afrika ya Magharibi hata Uhabeshi, na kusini mpaka Afrika Kusini, naye yuko hata katika visiwa vya Komoro. Vilima vya Butembo vimepoteza msitu wao wa asili siku nyingi, kwa jembe na kwa mkaa, ambao sisi huuita makala, hata nimwambiapo jirani kwamba naandika makala humwona akitazama mikono yangu kama imechafuka. Mahali pa msitu sasa pamesimama mikalitusi, na chini ya mikalitusi sijapata kumwona pugi hata mmoja, kwa kuwa ardhi yake ni tupu. Lakini panapobaki ukanda wa vichaka kando ya kijito, hata wa upana wa kiwanja cha nyumba, yumo.

Sasa mtu ashike barabara ya Beni, kilometa hamsini na kitu, apite Maboya na kuendelea kuteremka mpaka hewa ianze kuwa nzito na migomba ipishe michikichi na kakao. Katika mwendo huo mfupi amepita juu ya makao ya njiwa wa msituni wa namna nyingi, na wengi wao hana habari nao. Juu, katika masalio ya msitu wa milimani, yumo njiwa mwenye mdomo wa manjano, mkubwa na mzito, na yumo yule wa rangi ya mdalasini mwenye uso mweupe, Columba larvata, ambaye hutembea chini gizani kimya kama mtu aliyeingia msikitini amechelewa. Chini, upande wa mto Semliki na msitu wa Ituri, ndani ya kivuli kisichokatika, yumo ndugu halisi wa pugi wetu, Turtur brehmeri, mwekundu wa udongo mwenye kichwa cha buluu-kijivu. Huyo msitu ukikatwa haondoki kwenda ukingoni, bali hutoweka.

Na juu ya vilele vya miti hiyohiyo yumo mmoja ambaye Beni ina haki ya kujifaharisha naye. Mwaka 1911 Moriz Sassi, wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya Vienna, alimtangaza kwa wataalamu njiwa aliyekuwa hajulikani katika vitabu vyao, mwenye kisogo cheupe, akamwita Columba albinucha. Ngozi zake zilikuwa zimeletwa na Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekuwa akikusanya wanyama katika Kongo ya mashariki, na mahali alipopatikana paliandikwa Moera, karibu na Beni. Baadaye alionekana Uganda ya magharibi, kisha, jambo la kustaajabisha, katika milima ya Kameruni, na baina ya huku na huko, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu, ni msitu asimojulikana kukaa. Nimewauliza wanafunzi wengi wa Beni kama wamepata kulisikia jina la ndege huyu. Walicheka wakidhani nawafanyia mzaha.

Hapo ndipo nilipo na neno langu kwa wapendao kusema kwamba maadamu njiwa wanalia asubuhi, msitu ungali mzima. Pugi alie kwa nguvu kadiri atakavyo, ushahidi wake ni wa ukingo tu, na ukingo huongezeka kila kiini kinapokatwa. Mzee mmoja wa upande wa Mbau, karibu na Beni, aliyetega wanyama msituni katika ujana wake, alinieleza jambo hilo kwa ufupi kunishinda: walipokuwa wakirejea kutoka ndani, baada ya siku nyingi, na kusikia ngoma ya njiwa huyu, walijua kwamba mashamba ya watu hayako mbali.

Nilimsihi anipeleke kwenye shamba lake la kakao, nimsikie huko. Alikubali kunionyesha kutoka barabarani, si zaidi, kwani tangu mauaji ya raia yaliyoanza mwaka 2014 watu wengi wa pande hizo wameyaacha mashamba yao, na yeye ni mmoja wao. Tulisimama kando ya pikipiki. Alinyoosha fimbo kuonyesha mahali palipokuwa na njia ya kuingilia; mimi sikuona njia, niliona tambaazi, mbarika mrefu kuliko nyumba, na miti ya kakao iliyozama katika magugu hadi mabegani.

“Ni yule,” alisema mzee.

Mdundo mmoja ulitoka ndani, kisha wa pili, kisha miwili miwili, na kabla haujafifia, mwingine akaitikia kutoka upande wa pili wa shamba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo yake. Kisha akanikumbusha saa, tukapanda, tukarudi mjini kabla jua halijapinda.