Warsha ya Tingatinga na kambi ya wikendi: Rangi mbichi isilale garini

Wiki mbili sasa simu yangu haipoi. Watu walioona picha za samaki na palahala tulizochora Gazi wanauliza safari ijayo ni lini. Wengine wana magari yao na wanataka tu niwaeleze tunavyofanya. Basi naeleza hapa mara moja, pamoja na kosa langu ambalo nusura litutoe roho, maana mwenye gari hilo ndilo litakalomfaa zaidi.

Kwanza sanaa yenyewe. Tingatinga ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa vitu rahisi alivyovipata karibu: hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na mpaka leo uchoraji huu unaitwa kwa jina lake.

Fundi tunayesafiri naye alijifunza Dar na sasa anaishi Likoni. Hana duka wala chumba cha kufundishia, yeye huifuata kazi iliko na begi lake la brashi. Mimi nina Hiace kuukuu iliyokuwa matatu, nimeng'oa viti vya nyuma. Ndivyo tulivyokutana: yeye ana ufundi, mimi nina magurudumu.

Mwanzoni tulifanya warsha ya siku moja, na haikufaa. Tingatinga huanza na mandhari ya nyuma, bodi nzima ikapakwa rangi ya glosi, kisha ndipo mnyama au samaki awekwe juu yake. Glosi haina haraka. Makopo mengi yanaagiza usubiri usiku kucha kabla ya kupaka mkono wa pili, na hewa yetu ya chumvi na unyevu huongeza muda. Ukipaka asubuhi, alasiri bado inanata. Ukimweka samaki hapo, anayeyukia baharini. Watu walilipa pesa zao wakarudi nyumbani na matope ya rangi. Fundi akaniambia, "Picha hii inataka kulala." Nami nikamjibu, kama bodi lazima ilale, basi na sisi tulale huko huko.

Kwa hiyo Jumamosi tunawahi feri ya alfajiri na kuteremka mpaka Gazi, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, kwenye shamba la mtu aliyetupa ruhusa. Siegeshi chini ya mnazi uliozaa, na siku za bamvua sisogei karibu na ufuo, maana maji hufika usikotarajia. Bodi tunakata mapema mjini. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakisha kitu, na kipimo hicho kinakaribiana na kile alichopenda Tingatinga mwenyewe. Mpaka saa saba mchana kila mtu ameshapaka mandhari yake. Baada ya hapo ni kuogelea, kutazama mikoko, kula wali na samaki wa kupaka, na kupanga kesho utachora nini. Simba na Mlima Kilimanjaro tumewaachia watalii. Namshawishi kila mtu achore cha kwetu Kwale: kaa, ngalawa, taa, au palahala, ambaye hapa Kenya amebaki Shimba Hills tu.

Sasa lile kosa. Oktoba iliyopita, mvua ya vuli ilitupiga saa nne usiku. Kwa kuhofia picha za watu, nilizisomba bodi zote mbichi nikaziingiza garini. Nikaingiza na jiko lililokuwa bado na makaa, ili tupate chai mapema. Nikafunga vioo. Tulilala wanne humo ndani, mmoja wao mama mkubwa wangu.

Saa nane nikaamka kichwa kinapasuka. Mama mkubwa hajawahi kukosa kuamka usiku kuswali, lakini alikuwa amelala usingizi wa pono. Nikamwita, kimya. Nikamtikisa, kimya. Nilivuta mlango tukamtoa nje kwenye mvua, na baada ya muda akatapika, akafumbua macho, akauliza kwa nini amelowa. Asubuhi tulimpeleka zahanati. Muuguzi alinieleza, bila kunionea haya, kwamba mvuke wa rangi na tapentaini huumiza kichwa na kutia kichefuchefu, ila muuaji hasa ni jiko. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala hapati onyo.

Tangu siku hiyo bodi zina malazi yake. Tunafunga kichanja cha mianzi upande usiopigwa na upepo, tunalaza bodi kwa mshazari, uso ukiinama kidogo kuelekea chini ili umande na mchanga visiushike, na juu tunatandaza turubai inayoachia upepo upite. Jiko linabaki nje, na kabla ya kulala tunalimwagia maji. Makopo ya rangi na tapentaini yanafunikwa na kukaa nje pia. Matambara ya kufutia brashi tunayaanika moja moja, kwani yakirundikwa na mafuta yake yanaweza kupata moto yenyewe. Vioo viwili vya gari vinabaki wazi, na chandarua kinazuia mbu wa mikoko.

Jumapili asubuhi mandhari yamekauka na kazi tamu inaanza: umbo kwa chaki, rangi, kisha madoadoa na mistari. Kurudi kuna shida yake, kwa sababu samaki sasa ndiye mbichi. Nimeunda kreti yenye mifereji, bodi zinasimama bila kugusana, na tunasafiri vioo wazi hata vumbi likitusumbua. Picha namkabidhi mtu baada ya siku tatu.

Malipo ya fundi yanatolewa kabla ya safari. Wapo wanaosema kuchora ni mchezo, mbona alipwe siku mbili. Hao siwachukui.

Tutaondoka tena masika yakipita. Mama mkubwa amelipa tayari, anataka kumaliza pono wake. Ila amesema atalala kwenye hema.