Maombi na Kitabu cha Hesabu



Kila tunapotembelea vikundi vya kujisaidia, kuna jambo moja ambalo halibadiliki. Kiwe kikundi cha akina mama wafuga kuku, au wazee wanaochimba kisima, au vijana wa kufyatua matofali, mwenyekiti atasema, "Tusimame, tuanze kwa maombi." Na mwisho tunafunga kwa maombi. Ni desturi njema, nasi hatutaki iachwe. Lakini tumeanza kujiuliza: yale maombi ya mwanzo na ile kazi ya katikati, vinajuana kweli?

Tuwaeleze tuliloliona kwa macho yetu. Kikundi hatutakitaja, kwa maana shida hii si yake peke yake. Tulifika saa nane mchana. Ibada ya kufungua ilichukua karibu saa nzima: nyimbo, ushuhuda, na watu watatu wakaomba mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa ibada tamu, hatukatai. Ilipofika zamu ya mweka hazina, akasema amesahau kitabu nyumbani. Kumbe ilikuwa mara ya tatu kukisahau! Mama mmoja mjane akainua mkono, akauliza akiba yake imefika ngapi, maana mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Akajibiwa, "Mama, usituletee roho ya ugomvi, tumetoka kuomba sasa hivi." Akanyamaza, akaketi. Kisha tukafunga kwa maombi.

Hatuwezi kusema kwamba maombi yale yalikuwa ya uongo. Mungu ndiye ajuaye mioyo. Tunachosema ni kwamba yalitumiwa kama shuka la kufunikia kitu.

Basi kanisa lenye afya linaomba namna gani? Fungueni kitabu cha Nehemia. Wengi wetu tunamjua kwa ule ukuta wa Yerusalemu uliojengwa kwa siku 52. Tunapenda sana kuhubiri sura ya 4, pale walipomwomba Mungu na papo hapo wakaweka walinzi usiku na mchana. Lakini sura ya 5 haisomwi sana, labda kwa sababu inatugusa mfukoni.

Kazi ikiwa inaendelea, kilio kikatokea. Watu walikuwa na njaa. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikuwa wamekopa pesa za kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao walikuwa wakitiwa utumwani. Na waliowadai hawakuwa wageni, walikuwa Wayahudi wenzao, watu wanaojenga nao ukuta mmoja.

Nehemia alikasirika. Akalifikiri jambo lile moyoni mwake, kisha akaitisha mkutano mkubwa. Hakuwaambia wenye njaa kwamba wanavuruga kazi ya Bwana. Aliwaambia wakubwa warudishe mashamba siku ile ile, na riba waliyokuwa wakitoza. Tena hakujificha: alikubali kwamba yeye mwenyewe na watu wake walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Wakubwa wakakubali kurudisha, wakaapishwa mbele ya makuhani. Ndipo kusanyiko lote likasema Amina na kumsifu Bwana. Angalieni vizuri mpango huo. Mambo ya mashamba na riba yalisemwa kwanza, wazi mbele ya wote, na sifa zikaja nyuma yake.

Mtu asituelewe vibaya akadhani tunataka maombi yapunguzwe. Nehemia ni mtu wa maombi tangu sura ya kwanza, ambapo analia na kufunga kwa ajili ya mji wake. Hata alipokuwa amesimama mbele ya mfalme aliomba kabla ya kujibu. Sisi tunaamini ujasiri wa kuwakabili wakubwa aliupata huko magotini. Mtu asiyeomba angeogopa kupoteza marafiki.

Hapa kwetu Afrika Mashariki pia tunao mfano. Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulifika Kenya mwaka 1937. Wazee wetu wengi waliokoka katika ushirika ule, na wimbo wa Tukutendereza bado unaimbwa mpaka leo. Lakini watu wa nje hawakushangazwa na nyimbo tu. Walishangaa kuona mtu anatoka kwenye maombi na kwenda kumrudishia jirani jembe aliloiba, au kumwomba mke wake msamaha. Katika mikutano yao waliita jambo hili kutembea nuruni. Na hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengine wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Waliumizwa kwa ajili hiyo, na wengine wakauawa. Mtu hapati msimamo wa namna hiyo kwa kuomba Jumapili moja.

Kuna upande mwingine ambao ni lazima tuuseme, ingawa unauma. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watoto walikuwemo. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, baada ya kufundishwa kufunga mpaka wafe. Ni mafundisho yaliyokataa pia shule na hospitali. Tunajua wako wanaosema, "Wale si Wakristo kama sisi." Lakini walikuwa wakiomba. Walikuwa wakiimba. Kufunga kunakosemwa katika Isaya 58 ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, si kumfundisha mtoto kufa njaa. Na mahali ambapo mshirika haruhusiwi kumwuliza kiongozi swali, hapo pana ugonjwa tayari, hata kama ibada ni moto namna gani. (Mambo ya spika za usiku kucha tuyaache kwa leo. Majirani wanajua.)

Kwa hiyo tunawasihi mjaribu jambo moja. Mnapoomba mwanzoni, ombeeni mambo yaliyo mezani siku hiyo, kwa kuyataja: mkopo wa fulani uliochelewa, bomba lililopasuka, mgonjwa aliyelala. Na kama mgonjwa ametajwa, kabla ya Amina ijulikane ni nani atakayempeleka zahanati na nauli itatoka wapi. Kuomba kusiwe kwa mtu mmoja kila mara, hasa yule mwenye sauti kubwa. Wape nafasi na wale wanaoketi nyuma. Kitabu cha hesabu kiwe hapo mezani mnapoomba, kikiwa wazi. Kama kuna watu wawili wamekosana, Bwana Yesu alikwisha sema katika Mathayo 5 kwamba sadaka ingoje, mtu aende kwanza akapatane na ndugu yake. Hata kufungua mkutano kunaweza kungoja.

Kile kikundi tulikirudia baada ya miezi kadhaa. Mchungaji wao alikuwa amekaa nao, na kitabu kikapatikana. Pesa zilikuwa zimepungua kweli. Mweka hazina alisimama akakiri mbele ya wote, akapewa muda wa kulipa kidogo kidogo, na kazi ya kutunza kitabu akapewa mtu mwingine. Siku hiyo kila mwanachama alisomewa akiba yake kwa sauti. Aliyeombwa kufunga ni yule mama mjane. Aliomba kwa ufupi sana, akamtaja na mweka hazina kwa jina. Mtoto wake alikuwa bado yuko nyumbani, karo ilikuwa haijatimia.