Bao na televisheni

Bao ni mchezo wa kete wa watu wawili unaochezwa juu ya ubao wenye mashimo 32, yaliyopangwa katika mistari minne ya mashimo manane. Kete zake ni 64. Unajulikana pwani ya Kenya na Tanzania, Zanzibar, Komori, Malawi na bara hadi mashariki ya Kongo. Makala hii inahusu upande mmoja tu wa mchezo huo: kwa nini huonekana kwa nadra katika televisheni, wakati poka, mchezo wa karata wa Marekani ambao wachezaji wake hukaa mezani saa nyingi bila kusema neno, ulipata watazamaji wengi, na kama bao nalo linaweza kuwapata.

Njia ya misafara

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikaa Kazeh na Kwihara, katika utemi wa Unyanyembe. Burton na Speke walifika huko Novemba 1857. Vitambaa na shanga vilipanda bara, pembe za ndovu na watumwa walishushwa pwani, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Msafara uliofika Unyanyembe haukuondoka kesho yake: mizigo ilipangwa upya, wapagazi wengine walitafutwa, mvua zilisubiriwa ziishe. Watu wanaongoja hutafuta mchezo.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba watu wa bara walifundishwa na pwani kucheza kete. Michezo ya mistari minne ni ya eneo zima: Wasukuma wana isolo, Wanyarwanda igisoro, Waganda omweso. Mchango wa pwani ni bao la Kiswahili, lenye sheria ngumu kuliko nyingi za ndugu zake, pamoja na maneno yake: kunamua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, kutakata. Karata nazo zilipitia pwani, na majina yake yanaonyesha zilikotoka kabla ya hapo, kwani kopa, shupaza, pau na turufu ni maneno ya Kireno.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikafa, lakini kete hazikuhitaji wapagazi. Mchezaji bao mashuhuri kuliko wote Tanzania ni Julius Nyerere. Wanaosimulia maisha yake hueleza kwamba mtemi wa jirani, wa Ikizu, aliona akili za kijana huyo katika mchezo wa kete na kumshauri baba yake ampeleke shule. Kutoka shule ya Mwisenge, Musoma, alikwenda Tabora mwaka 1937. Alipostaafu na kurudi Butiama, bao lilikuwa bado ni burudani yake.

Poka ilivyoingia sebuleni

Mashindano ya dunia ya poka yalianza Las Vegas mwaka 1970, na kamera za televisheni zilifika mapema. Watazamaji hawakuvutiwa. Katika poka kila mchezaji ana karata za siri, na utamu wote umo katika kujua nani ana karata nzuri na nani anajifanya. Asiyeziona karata anaona watu wenye miwani ya jua wakisukuma vibonge vya plastiki.

Tiba ilikuwa kamera ndogo ya mezani. Henry Orenstein, mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi na kuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea Marekani, alipata hataza ya kifaa hicho mwaka 1995. Mwaka 1999 kipindi cha Late Night Poker cha Uingereza kilitumia meza yenye vioo ili mtazamaji aone karata kutoka chini. Kuanzia hapo mtu aliyekaa nyumbani alijua mengi kuliko wachezaji wenyewe. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kwa mchujo wa mtandaoni, alishinda dola milioni 2.5 katika shindano kuu. Mwaka huo washiriki walikuwa 839. Mwaka 2006 walikuwa 8,773.

Bao halina siri

Katika bao kila kete iko wazi. Kilichofichika ni hesabu, na hesabu haiwekewi kamera. Mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Kila zamu ananamua moja katika shimo lake la mbele lenye kete. Shimo la mpinzani linalolikabili likiwa nazo, anazila na kuzigawa moja moja upande wake kuanzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete anaendelea, akila tena au akizichota na kuzitembeza. Ikiangukia patupu, analala. Kete za mkononi zikiisha huanza mtaji, ambapo huchezwa zilizoko ubaoni tu. Anayeishiwa kete mstari wa mbele ameshindwa.

Zamu moja inaweza kubadili karibu ubao mzima kwa sekunde chache, kwa mkono wa fundi usiosita. Mgeni haoni kitu. Alexander de Voogt, mtafiti wa Uholanzi aliyechapisha utafiti wake juu ya mafundi wa Zanzibar mwaka 1995, alijishughulisha hasa na jambo hili, yaani mbali kiasi gani akili inaweza kuhesabu.

Kwa hiyo kifaa kinachohitajika ni tofauti na cha poka. Kamera ikae juu ya ubao, idadi ya kete za kila shimo iandikwe kwenye kioo, na mchezo urudiwe polepole. Zaidi ya hapo anahitajika mtangazaji anayejua kusema, kabla mkono haujafika, kwamba kete hizi zitalala kimbi. Watangazaji wa namna hiyo wapo tayari: ni wale wazee wanaozunguka ubao chini ya mwembe, wanaoona kosa kabla ya mchezaji na kumcheka bila huruma. (Mtangazaji wa redio anapopaza sauti "bao!", kwa kawaida anazungumzia mpira.)

Suala la fedha

Vipindi vya poka vililipiwa kwa sehemu kubwa na matangazo ya tovuti za kamari. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walizifungia tovuti kubwa tatu, na vipindi vingi vikatoweka pamoja na matangazo hayo. Mchezo wenyewe haukufa: shindano kuu la mwaka 2023 lilikuwa na washiriki 10,043 na la 2024 lilikuwa na 10,112, na watazamaji wengi sasa hufuata mtandaoni.

Nchini Tanzania kamari inasimamiwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Bao haliko katika kundi hilo kwa asili yake, kwa kuwa halina dadu wala karata za kuchanganywa. Katika mji wenye Waislamu wengi kama Tabora jambo hili si dogo: mzee anayekaa barazani na kete baada ya swala ya alasiri asingekaa hapo kama kungekuwa na dau. Fedha za kampuni za ubashiri zingeleta kamera haraka, na zingemwondoa mzee huyo haraka vilevile, na yeye ndiye anayewafundisha vijana.

Wapo waliofuata njia nyingine. Mwaka 2020 UNESCO iliorodhesha michezo ya jamii hiyohiyo ya Kazakhstan, Kirgizia na Uturuki katika urithi wa utamaduni usioshikika. Tanzania, Kenya na Komori hazikosi hoja za kuombea bao nafasi kama hiyo. Na kuonyesha mchezo hakuhitaji kusubiri kituo cha televisheni. Simu moja iliyofungwa kwenye tawi juu ya ubao huonyesha mashimo yote 32. Anayebaki kutafutwa ni mtu wa kuhesabu kwa sauti.